Anzieni getini, semina ifuate

Mama mmoja wa kutoka Masisi, mashariki mwa Kongo, alikuja klinikini kwetu mara tatu, na mara zote tatu akaishia getini na kurudi. Alinisimulia mwenyewe baadaye. Getini palisimama askari mwenye magwanda, bunduki begani, akipekua mikoba. Waliomtimua kijijini kwao nao walikuwa na magwanda na bunduki.

Nilianza kama mkalimani, kisha nikawa mshauri nasaha kwa wakimbizi wa kambi ya Nakivale, wilayani Isingiro, Uganda. Wakongomani wengi hapa huzungumza Kiswahili. Taasisi ya afya ya akili ikitaka kuwahudumia wenye kiwewe bila kutonesha vidonda vyao, nasema ianzie getini, kabla ya semina yoyote.

Sisi tulimwomba askari aweke bunduki kando, avae shati la kawaida, aseme, "Karibu mama, pole na safari." Tukaacha kuita majina kwa sauti mbele ya foleni. Kiti cha mgonjwa tukakigeuza kitazame mlango. Hakuna lililohitaji mfadhili.

Halafu faili. Mtu alihojiwa mapokezi, kwa muuguzi, kwa mshauri, na kila mahali aeleze upya alivyobakwa. Aeleze mara moja, akiwa tayari, na yaandikwe vizuri. Maswali mengine hayana kazi kabisa: kumsaidia mtu apate usingizi hakuhitaji kujua waliomvamia walikuwa wangapi.

Linaloniuma zaidi ni wakalimani. Mkalimani husema kwa nafsi ya kwanza. Mama akisema "walinichukua usiku", nami nasema hivyo hivyo kwa Kiingereza, kwa kinywa changu, mara nne au tano kwa siku. Wengi wetu ni wakimbizi pia. Nilikuwa nikifika nyumbani, mtoto akiangusha sufuria, namfokea hadi analia. Kazini hakuna aliyeniuliza hali. Nilihesabiwa kibarua tu. Wewe unayeongoza, mpe mkalimani robo saa ya kupumua baada ya kikao kizito, mpe mtu wa kuzungumza naye kila wiki, na saa hizo zilipwe. Na kabla ya kikao, muulize mgonjwa anamtaka nani. Kuzungumza lugha moja naye hakutoshi. Huenda mkalimani ni jirani yake, na mgonjwa anaogopa habari zisambae.

Yule mama alirudi mara ya nne. Aliketi akitazama mlango, mkoba mapajani, nusu saa nzima bila neno. Sikumuuliza kitu. Alipoinuka alisema, "Jumatano nitakuja tena."