DNA ya Mpwa Wangu Haikudanganya

Jibu la maabara liliposomwa, dada yangu alikaa chini palepale kwenye korido ya mahakama. Damu iliyokuwa kwenye shati la mwanaye ilikuwa ya marehemu. Mtu mmoja nyuma yetu akasema, “Basi tena, DNA haidanganyi.”

Na kweli haikudanganya. Mpwa wangu ni bodaboda hapa Mtwara. Usiku ule alimpakia huyo marehemu, akiwa bado majeruhi, kutoka Mikindani, kamwegemea mgongoni, damu inamvuja mpaka hospitali. Shati lingekuwa na damu ya nani basi? Kipimo kilitaja mwenye damu, lakini imefikaje pale, na saa ngapi, hicho si kazi ya kipimo. Kilichomtoa mahabusu ni daftari la mapokezi: saa aliyofika, na jina lake kama mleta mgonjwa.

Kwa hiyo ukifikwa na haya, usianze kubishana na maabara. Anza kutafuta daftari na watu walioona, mapema, kabla kumbukumbu hazijapotea.

Halafu muulize wakili habari za kielelezo chenyewe. Nani alikichukua, alivaa glavu mpya, kilikabidhiwa kwa nani na nani akasaini? Nguo mbichi ikifungwa kwenye mfuko wa plastiki kwa joto letu hili la pwani huota ukungu na vinasaba, yaani hiyo DNA, huharibika. Inatakiwa ikaushwe, iwekwe kwenye bahasha ya karatasi. Wajerumani walimsaka kwa miaka mwanamke ambaye DNA yake ilionekana kwenye matukio kadhaa, yakiwemo mauaji. Mwaka 2009 wakagundua ni mfanyakazi wa kiwanda, aliyevichafua vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli!

Zile namba kubwa nazo zisikutishe. Uingereza, mwaka 1999, mtu wa Swindon mgonjwa wa Parkinson alishtakiwa kwa kuvunja nyumba Bolton, mbali kabisa na kwake, kwa sababu DNA ililingana katika sehemu 6 za vinasaba zilizopimwa. Wakasema uwezekano wa kulingana kwa bahati tu ni 1 kati ya milioni 37. Sasa piga hesabu: sensa ya 2022 ilituhesabu Watanzania zaidi ya milioni 61, kwa hiyo mmoja au wawili wetu wangelingana na sampuli ile bila hata kuijua Bolton. Wakili wake alidai kipimo kirudiwe kwa sehemu 10, na hakikulingana.

Siku hizi hupimwa sehemu nyingi zaidi, hivyo bahati mbaya kama ile ni adimu sana (pacha wa kufanana ni habari nyingine). Mimi naogopa zaidi sampuli yenye mchanganyiko wa watu watatu wanne, pale mtaalamu anapolazimika kukadiria. Wakili aombe aitwe kizimbani aulizwe. Maoni yake ni ushahidi, ila hayamfungi hakimu wala jaji.

Mpwa wangu bado anabeba majeruhi. Ila haondoki mapokezi mpaka aone jina lake limeandikwa.