Dawa Ina Saa Yake: Kabla Hujaongeza Kidonge au Kuacha

Mama alinipigia simu siku ya kumi tangu aanzishiwe amlodipini, dawa ya presha. Miguu imevimba, viatu haviingii. Nilipomuuliza anameza vingapi, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, ile dawa mwanzoni haikuwa na nguvu. Siku ya tatu nilipima, presha ikawa palepale. Nikaanza kumeza viwili."

Mimi ni mtafiti wa famakolojia. Kazi yangu ni kufuatilia dawa tangu inapoingia mwilini: inapita wapi, inashika nini, inavunjwa na nani, inatoka lini. Siku ile mbele yangu kulikuwa na mirija ya maabara yenye sampuli za damu, kila mmoja umeandikwa saa damu ilipochukuliwa, na jibu alilolihitaji mama lilikuwa katika mirija ya aina hiyohiyo. Nilijua kidonge chake kingechukua muda. Sikumwambia kwa sababu nilidhani ameshaambiwa. Tangu hapo sidhani tena, nauliza, na haya ninayoyaandika ndiyo ninayomweleza kila ndugu na rafiki anayeanza dawa mpya.

Chukua pipa lenye tundu chini. Kila asubuhi unamimina ndoo moja ya maji, na mchana kutwa na usiku kucha yanavuja. Siku ya kwanza maji ni machache, kwa hiyo yanavuja taratibu. Kesho yake unamimina juu ya yaliyobaki, kina kinapanda, na kadiri kinavyopanda ndivyo maji yanavyovuja kwa kasi. Itafika siku ambapo yanayovuja kwa siku nzima ni sawasawa na ndoo unayomimina. Hapo kina kimetulia, na hata ukiendelea mwezi mzima hakitapanda zaidi.

Damu yako ndiyo pipa, na tundu ni ini na figo. Muda unaochukua nusu ya dawa kutoka ndio tunaouita nusu uhai wa dawa. Tuseme dawa ina nusu uhai wa saa 24 na unameza miligramu 100 kila siku. Siku ya kwanza una 100. Kesho yake zimebaki 50, unaongeza 100, unapata 150. Siku ya tatu 175. Siku ya nne 187 na nusu. Inasogea hivyo kuelekea 200 na kutulia hapo. Hesabu hii ni ileile kwa dawa nyingi: zinahitajika kama nusu uhai nne au tano ili kina kitulie, na zinahitajika hizohizo ili dawa iishe ukiacha.

Nusu uhai wa amlodipini ni kati ya saa 30 na 50, na kina chake hutulia baada ya siku saba au nane. Siku ya tatu, mama alipoihukumu, pipa lilikuwa bado linajaa. Vidonge viwili havikuharakisha chochote. Vilimpeleka kwenye kina cha dozi maradufu, ambayo hakuna daktari aliyemwandikia. Dawa hii hulegeza mishipa midogo inayopeleka damu kuliko inavyolegeza ile inayoirudisha, kwa hiyo maji husukumwa nje ya mishipa na kukusanyika kwenye vifundo vya miguu. Dozi ikiwa kubwa, uvimbe nao hutokea mara nyingi zaidi. Ndiyo maana daktari akitaka kuongeza dozi husubiri kwanza wiki moja hadi mbili.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni swali la kumuuliza daktari au mfamasia kabla hujaondoka mbele yake: "Niipe siku ngapi kabla ya kusema haifanyi kazi?" Ukitoka na jibu la swali hilo peke yake, umeshapata kitu kikubwa. Levothairoksini, ya wenye upungufu wa homoni ya tezi la shingoni, ina nusu uhai wa kama siku saba, kwa hiyo damu hupimwa tena baada ya wiki sita hivi. Kumpima mtu huyo baada ya siku tano ni kupoteza damu yake bure.

Lakini nusu uhai haumalizi habari yote, na hapa ndipo kazi yetu inapoanza kuwa tamu. Aspirini yenyewe hukaa kwenye damu muda mfupi sana: nusu uhai wake ni dakika 15 hadi 20. Hata hivyo, mtu aliyeimeza jana, leo akijikata, damu yake bado inachelewa kuganda. Mwaka 1971 John Vane alionyesha kwamba aspirini huzuia utengenezaji wa prostaglandini, kemikali za mwili zinazohusika na maumivu, homa na kuganda kwa damu, kazi iliyomletea sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Inafanya hivyo kwa kukibandika kimeng'enya kimoja, yaani protini inayoendesha kazi za kikemia mwilini, kiungo kidogo ambacho hakibanduki. Seli nyingi za mwili hutengeneza kimeng'enya kipya na kuendelea na maisha. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hazina kiini cha seli, basi haziwezi. Chembe iliyoguswa na aspirini inabaki hivyo mpaka inakufa, na huishi siku saba hadi kumi. Dawa imeshaondoka zamani, alama yake imebaki.

Ukienda kung'oa jino au kufanyiwa upasuaji, taja aspirini uliyomeza wiki iliyopita, hata kama ilikuwa kidonge kimoja cha kichwa. Na kama umeandikiwa aspirini ya kila siku kwa ajili ya moyo, usiiache kwa uamuzi wako; mwambie anayekupasua aamue pamoja na daktari wako.

Mwili nao haukai kimya dawa inapofanya kazi. Propranololi, dawa ya moyo na presha, ilitoka katika maabara ya James Black miaka ya 1960, naye alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Nobel mwaka 1988. Dawa hiyo huziba vipokezi ambavyo adrenalini huvitumia kuuharakisha moyo. Moyo, ukiona ujumbe haufiki, huongeza vipokezi, kama mtu anayeongeza masikio ili asikie. Sasa acha dawa ghafla: inaondoka ndani ya siku moja hivi, lakini vipokezi vya ziada bado vipo, na adrenalini inavikuta vyote wazi. Moyo unakimbia, presha inaruka, na mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo anaweza kupata shambulio. Prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe na mzio, iliyotumika wiki nyingi ina hatari yake ya namna hiyo, kwa sababu tezi zinazotengeneza homoni inayofanana nayo zimelala na haziamki siku moja. Dawa hizi hupunguzwa kidogo kidogo. Nakusihi usiziache kwa sababu tu umejisikia vizuri.

Kuhusu kuchanganya dawa nitasema mawili tu, ingawa ningeweza kuandika kurasa. Ini huvunja dawa kwa vimeng'enya, na dawa moja inaweza kubadilisha ukubwa wa tundu la pipa la dawa nyingine. Rifampisini ya kifua kikuu hulifanya ini litengeneze vimeng'enya vingi zaidi, hivyo vidonge vya uzazi wa mpango vinavunjwa haraka na mimba inaweza kuingia. Vimeng'enya hivyo havipungui siku unayomaliza rifampisini. Vinahitaji kama wiki mbili, na kwa tahadhari hushauriwa utumie njia nyingine hata wiki kadhaa baadaye. La pili ni balungi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 David Bailey na wenzake nchini Kanada walikuwa wakichunguza felodipini, dawa ya presha, ikitumika pamoja na pombe, na wakatumia juisi ya balungi kuficha ladha ya pombe. Kiwango cha dawa kwenye damu kilipanda kuliko kilivyotarajiwa, na mhusika akawa ile juisi. Inazima kimeng'enya kilichopo kwenye ukuta wa utumbo, na utumbo huchukua siku moja au zaidi kutengeneza kingine. Kunywa juisi asubuhi na dawa jioni hakukuokoi.

Sasa nifike kwenye parasetamoli, ambayo inanikosesha usingizi kuliko zote, kwa kuwa kila mtu anaiona rafiki. Ni rafiki kweli, katika kipimo chake: kwa mtu mzima isizidi gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge vinane vya miligramu 500, na kwa mwenye uzito mdogo au ini dhaifu hupungua zaidi. Sehemu ndogo ya kila kidonge hugeuzwa na ini kuwa sumu, na ini lina akiba ya glutathioni ya kuituliza. Ukizidisha, akiba inaisha, na sumu inaanza kula seli za ini lenyewe. Watu wengi huzidisha bila kujua: wanameza parasetamoli ya kichwa, kisha dawa ya mafua ambayo ndani yake imo parasetamoli hiyohiyo. Soma kilichoandikwa kwenye kila pakiti.

Na saa yake ni ya kutisha. Siku ya kwanza aliyezidisha anaweza kujisikia kichefuchefu tu, au asijisikie kitu kabisa. Ini huanza kuonyesha kuumia siku ya pili na ya tatu. Kiuasumu kipo, asetilisisteini, na hufanya kazi vizuri zaidi kikitolewa ndani ya saa nane. Kwa hiyo aliyezidisha apelekwe hospitali saa hiyohiyo, akiwa mzima, akicheka, akisema hana tatizo. Tafadhali msisubiri dalili.

Mama alirudi kwa daktari wake, akamweleza ukweli, akarudishwa kwenye kidonge kimoja. Uvimbe ulikwisha, lakini haukwisha kesho yake. Ulifuata hesabu ileile ya pipa, ukashuka siku baada ya siku. Siku hizi anaandika kwa kalamu juu ya kila boksi tarehe aliyoanza na tarehe ya kuihukumu dawa. Juzi aliumwa na jino, akanipigia simu. "Hii ya maumivu nayo niipe siku ngapi?" Nikamwambia: hiyo mama, nusu saa hadi saa moja, na kama jino bado linauma kesho, nenda ukalionyeshe.