Andika Hatari Kabla ya Ajali: Ushauri kwa Viongozi wa Matawi ya Chama cha Wafanyakazi wa Reli

Nguvu ya tawi la chama cha wafanyakazi wa reli hutokana na yale liliyoyaandika kabla ya ajali kutokea. Nimetumikia tawi nikiwa mwakilishi wa usalama na baadaye katibu, na nimeona viongozi hodari wa kuzungumza wakitoka mikono mitupu katika vikao na mwajiri, wakati viongozi wapole waliobeba daftari lililojazwa vizuri walipata taa, matengenezo ya njia na ratiba za zamu ambazo binadamu anaweza kuzistahimili. Ushauri huu nautoa kwa mwanachama aliyechaguliwa hivi karibuni, ambaye amekabidhiwa muhuri na funguo za ofisi bila mtu kumweleza kazi yenyewe inaanzia wapi.

Inaanzia kwenye namna ya kueleza hatari. Katika uwanja wa kupangia mabehewa nilikofanya kazi, giza lilikuwa lalamiko la kila mkutano, na kila mkutano uongozi wa kampuni ulijibu kwamba suala linashughulikiwa. Hakuna kilichobadilika mpaka tulipobadilisha lugha yetu. Mtu anayeandika kwamba mazingira ya kazi za usiku ni mabovu humpa msimamizi nafasi ya kujibu kwamba mazingira yanaboreshwa, na barua mbili hizo zikawekwa faili moja zikasahauliwa pamoja. Lakini anayeandika kwamba taa ya nguzo ya tatu upande wa mashariki wa njia namba tano haiwaki tangu tarehe iliyotajwa, kwamba mfanyakazi anayekwenda kufunga breki ya mkono mahali hapo haoni kokoto zilizomwagika kwenye njia ya miguu, na kwamba jambo hilo aliambiwa msimamizi wa zamu saa tatu usiku mbele ya shahidi, huyo ameuliza swali lisilo na mlango wa pembeni: taa hiyo itawashwa lini, na nani anawajibika kuiwasha?

Kwa hiyo kila tawi liwe na daftari la hatari, na kila ingizo lionyeshe tarehe na saa, mahali kwa namba ya njia au alama ya kilomita, kilichoonekana kwa macho, nani aliarifiwa, alijibu nini, na tarehe ambayo tawi litarudi kuuliza. Safu hiyo ya mwisho ndiyo ambayo matawi mengi huisahau, nayo ndiyo inayomfanya mwajiri atambue kwamba ukimya wake pia unaandikwa. Matukio ambayo hayakumdhuru mtu yaingizwe vilevile: behewa lililosogea peke yake hatua chache, ishara iliyochelewa kubadilika, fundi wa njia aliyeruka pembeni kwa sababu hakuambiwa kwamba treni inakuja. Matukio ya namna hii ndiyo onyo tunalopewa bure.

Wafanyakazi wengi hawaripoti kwa kuogopa adhabu, na hofu hiyo ina msingi. Nchini Uingereza utaratibu wa kuripoti kwa siri katika reli, ujulikanao kama CIRAS, ulianza Uskoti mwaka 1996, ukiwawezesha wafanyakazi kueleza hatari bila majina yao kumfikia mwajiri. Tawi dogo linaweza kufanya jambo linalofanana na hilo kwa njia rahisi, yaani ripoti iende kwa mwajiri kwa jina la tawi na sahihi ya katibu, huku jina la aliyeileta likibaki kwa mtu mmoja anayeaminika. Katibu asiyeweza kutunza siri hiyo asipewe daftari, hata kama ni hodari kiasi gani katika mambo mengine.

Kuna anayeweza kuona kwamba haya ni makaratasi tu. Historia ya kazi yetu inaonyesha vingine. Katika karne ya 19 wafanyakazi wa treni nchini Marekani waliunganisha mabehewa kwa kusimama katikati yake na kuingiza pini kwa mkono, na vidole na viganja vilivyokatika vilihesabiwa kuwa sehemu ya kawaida ya kazi. Baada ya tume ya serikali kuu iliyoundwa mwaka 1887 kuanza kukusanya takwimu za reli, zikiwamo za waliouawa na kujeruhiwa kazini, ikawa vigumu kudai kwamba ni bahati mbaya za mtu mmoja mmoja. Rais Benjamin Harrison, katika ujumbe wake kwa Bunge mwaka 1889, alilinganisha hatari ya wafanyakazi hao na ile ya askari vitani, na mwaka 1893 ikapitishwa sheria iliyolazimisha viunganishi vinavyojifunga vyenyewe na breki zinazoendeshwa kutoka kwenye injini. Viunganishi hivyo vilikuwa vimebuniwa miaka mingi kabla. Kilichokosekana ni hesabu iliyokubaliwa na pande zote, na msukumo wa watu waliokataa kunyamaza.

Katika mambo yote ambayo tawi hushughulikia, uchovu ndio ninaouona kuwa mzito zaidi, na ndio unaofichwa kwa urahisi zaidi. Taa iliyozimika inaonekana na kila apitaye, lakini mtu aliyechoka huonekana kama mtu mwingine yeyote mpaka dakika anapokosea. Tarehe 12 Desemba 1988 treni ziligongana karibu na stesheni ya Clapham Junction jijini London na watu 35 wakafa. Uchunguzi ulioongozwa na wakili Anthony Hidden ulibaini kwamba waya wa zamani ulioachwa bila kukatwa wala kufungwa sawasawa uliifanya ishara ionyeshe kwamba njia iko wazi wakati mbele kulikuwa na treni, na kwamba fundi aliyefanya kazi ile alikuwa amepumzika siku moja tu katika wiki 13 zilizotangulia. Ingekuwa rahisi kumtupia fundi huyo lawama zote na kufunga faili. Badala yake, kutokana na uchunguzi huo kukawekwa mipaka kwa kazi zenye uzito wa usalama: zamu isizidi saa 12, wiki isizidi saa 72, mapumziko kati ya zamu mbili yasipungue saa 12, na mtu asifanye zamu zaidi ya 13 katika siku 14. Nchini Marekani sheria ya mwaka 1907 iliruhusu wafanyakazi wa treni wawe kazini hadi saa 16. Leo kikomo ni saa 12, na sheria ya mwaka 2008 inataka wapumzike saa 10 bila kusumbuliwa kabla ya kurudi.

Hata hivyo, sheria nzuri ya saa za kazi haina faida ikiwa saa zinazoandikwa ofisini si zile zilizofanywa. Ushauri wangu ni kwamba tawi litunze nakala ya ratiba ya zamu iliyotangazwa, na pembeni yake liandike saa za kweli: dereva alipoamshwa, alipofika, alipokabidhi treni, na muda aliotumia kurudi mahali pa kulala. Utakuta mara nyingi kwamba mapumziko yanayoitwa ya saa 10 yana usingizi wa saa tano, kwa kuwa safari, chakula na kusubiri usafiri vimehesabiwa ndani yake. Ukiwa na karatasi za miezi mitatu za namna hiyo huhitaji kupandisha sauti mezani. Nimewahi kuona meneja aliyekuja na majibu tayari akinyamaza kwa muda mrefu baada ya kusoma jedwali la aina hiyo, kisha akaomba kikao kiahirishwe ili akague mwenyewe kumbukumbu zake. Ratiba ilibadilishwa.

Baada ya ajali, tawi hupimwa kwa namna nyingine. Mwelekeo wa kwanza wa kila taasisi ni kumtafuta mtu wa mwisho aliyegusa mtambo. Tarehe 6 Julai 2013, katika mji wa Lac-Mégantic nchini Kanada, treni ya mafuta iliyoachwa juu ya mteremko bila mtu iliserereka hadi katikati ya mji na kuua watu 47. Treni hiyo iliendeshwa na mfanyakazi mmoja tu, breki za mkono zilizofungwa hazikutosha, injini ilizimwa baada ya kuwaka moto, na breki za upepo zikapoteza nguvu taratibu. Wafanyakazi watatu wa kampuni walishtakiwa kwa uzembe uliosababisha vifo, na Januari 2018 baraza la wazee wa mahakama likawaona hawana hatia. Katika mwezi uleule wa ajali, serikali ya Kanada ilikuwa imekwisha kuagiza kwamba treni zinazobeba bidhaa hatari ziwe na wafanyakazi wasiopungua wawili.

Hatari ya treni kurudi nyuma mlimani ni ya zamani, nayo haijatuacha. Mwaka 1889 karibu na Armagh, Ireland, mabehewa yaliyokatwa kutoka kwenye treni iliyoshindwa kupanda mlima yalirudi nyuma na kuigonga treni iliyofuata, yakaua watu 80, na mwaka huohuo Bunge la Uingereza likalazimisha breki zinazojifunga zenyewe katika treni zote za abiria. Zaidi ya karne moja baadaye, tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria mkoani Dodoma, Tanzania, iliserereka kinyumenyume karibu na Msagali, ikagonga treni ya mizigo na kuua zaidi ya watu 280. Ninaitaja mikasa hii ili mjumbe wa kamati ya usalama asikubali kuambiwa kwamba maswali yake kuhusu breki, matengenezo na idadi ya wafanyakazi ni ya uchokozi.

Kwa hiyo mwakilishi wa tawi awepo tangu saa za mwanzo za uchunguzi. Mwanachama anayehojiwa aelezwe mapema kwamba aseme alichokiona na alichokifanya, asikisie asichokijua, asitie sahihi maelezo ambayo hajayasoma hadi mwisho, na aombe mwakilishi awe pamoja naye. Nyaraka za matengenezo na ratiba za zamu ziombwe kwa barua siku hiyohiyo. Nashikilia pia kwamba chama hakipaswi kumtetea mtu aliyekunywa pombe kazini au aliyevunja utaratibu kwa makusudi kana kwamba hakufanya lolote, kwa sababu aliye hatarini zaidi kwa tendo hilo ni mwanachama mwenzake. Mtu huyo anastahili kusikilizwa kwa haki na kusaidiwa, naye mwajiri aulizwe kwa nini aliachwa afike alipofika.

Kuhusu kukataa kazi ya hatari, viongozi wengi hawajui kwamba wana msingi wa kimataifa wa kusimamia. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unamlinda mfanyakazi anayejiondoa mahali anapoamini, kwa sababu za maana, kwamba pana hatari kubwa na ya papo hapo kwa uhai au afya yake, na mwaka 2022 Shirika hilo liliingiza mazingira salama ya kazi katika kanuni za msingi ambazo nchi zote wanachama wanapaswa kuziheshimu. Haki hii hulindwa na namna inavyotumiwa. Mfanyakazi amtajie msimamizi hatari yenyewe kwa maneno bayana, abaki kazini akiwa tayari kupangiwa kazi nyingine iliyo salama, na tawi liandike saa na maneno yaliyosemwa. Haki hii isitumiwe kudai nyongeza ya mshahara, maana ikichanganywa na mgogoro mwingine hupoteza kinga yake ya kisheria na heshima yake mbele ya wenzetu.

Someni pia sheria za nchi mlimo, kifungu kwa kifungu, bila kungoja makao makuu yawatafsirie. Nchini Kenya, sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inataka kamati ya usalama mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi, na kanuni za Uingereza za mwaka 1977 zinampa mwakilishi wa usalama wa chama haki ya kukagua mahali pa kazi kila baada ya miezi mitatu. Mnapokwenda kwa wabunge, nendeni na ombi moja, ukurasa mmoja, na maneno ya kifungu mnachotaka kiongezwe au kibadilishwe, pamoja na mifano mitatu kutoka kwenye daftari lenu. Mbunge aliyepewa orodha ya malalamiko ishirini huwapongeza wageni wake na kuendelea na shughuli zake. Vyama vya Marekani vilidai kwa miaka mingi kwamba treni isiachwe kwa mtu mmoja, vikashindwa mara kadhaa, na Aprili 2024 mamlaka ya usimamizi wa reli ya nchi hiyo ikatoa kanuni inayotaka, kwa kawaida, watu wasiopungua wawili.

Kazi hii isiishie kwa madereva na mafundi wa karakana. Magenge ya njia, wasafishaji wa mabehewa na vibarua wa wakandarasi hufanya kazi karibu kabisa na reli, na mara nyingi ndio wasio na viatu vya kinga, choo wala mtu wa kuwaambia kwamba treni inakuja. Hata kama katiba ya chama haiwaruhusu kuwa wanachama, hatari zao ziingizwe katika daftari lilelile.

Na uongozi unapobadilika baada ya uchaguzi, daftari hilo likabidhiwe kwa sahihi mbele ya mkutano, na katibu mpya asome kwa sauti, katika kikao chake cha kwanza, kila ingizo ambalo halijapata jibu la mwajiri.