Maswali na majibu: Timu ikiporomoka Septemba, kocha ndiye mchawi?

Besiboli ya Marekani imewatawala wasomaji wiki hii, na karibu wote wanatafuta mtu wa kumtupia lawama. Nimechagua haya.

Boston Red Sox walikuwa na nafasi mkononi mwaka 2011 wakaiachia. Kocha wao, Terry Francona, hakustahili kuondoka? (Houston)

Hakustahili. Mwanzoni mwa Septemba Boston walikuwa mbele ya Tampa Bay kwa mechi 9 katika kuwania nafasi ya ziada ya mtoano. Mwezi huo wakashinda mechi 7, wakapoteza 20, na hawakushinda hata mbili mfululizo. Usiku wa tarehe 28 walikuwa Baltimore, wanaongoza 3-2, imebaki straiki moja tu (mpigaji akosee mara moja zaidi) mechi iishe. Jonathan Papelbon, mrushaji wao wa kumalizia, akaruhusu pointi mbili. Dakika chache baadaye, kule Florida, Evan Longoria akaupiga mpira ukavuka ukuta, na Tampa Bay waliokuwa wamefungwa 7-0 na Yankees wakashinda 8-7 na kuichukua nafasi ile. Siku mbili baadaye Francona hana kazi, yeye aliyewapa Boston ubingwa wa 2004 na 2007.

Haya, nionyeshe kosa lake. Warushaji wa kuanza waliruhusu zaidi ya pointi 7 kwa kila iningi tisa (iningi ni awamu ya mchezo, na mechi ya kawaida ina tisa) mwezi ule. Clay Buchholz alikuwa nje tangu Juni kwa mgongo, na Daisuke Matsuzaka alishapasuliwa kiwiko. Carl Crawford, aliyeshindwa kuudaka mpira wa mwisho pale Baltimore, alisajiliwa kwa dola milioni 142 za miaka saba, na hundi hiyo hakuisaini kocha. Kocha wa besiboli hamfundishi mtu kurusha ikishafika Septemba. Kazi yake kubwa ni kugawa mikono: nani arushe leo, nani apumzike, nani atolewe mapema. Mpimeni hapo. Asiye na mikono ya kugawa mnataka agawe nini?

Boston wakamleta Bobby Valentine aje kunyoosha mambo. Mwaka 2012 alishinda 69, akapoteza 93.

Mbona husemi habari ya kuku na bia? (Muscat)

Nasema. Ilivuja kwamba baadhi ya warushaji, siku ambazo si zamu yao, walikuwa wakila kuku wa kukaanga na kunywa bia kwenye chumba cha wachezaji huku wenzao wako uwanjani. Nidhamu ya chumba kile iko chini ya kocha, kwa hiyo hapo Francona anabeba lake. Lakini kuku hao wangekuwa mapochopocho ya mabingwa laiti timu ingeshinda mechi mbili zaidi. Wawili kati ya waliotajwa, Jon Lester na John Lackey, walitwaa ubingwa na Boston hiyo hiyo mwaka 2013. Na mjihadhari na habari zinazovujishwa na wasiotajwa majina baada ya mtu kuondoka. Kwa Francona walifika mpaka mambo ya nyumbani kwake.

Kocha akishamtoa mrushaji, anaweza kumrudisha mechi ile ile? (Dodoma)

Akishatoka mchezoni harudi. Swali hili naliona kila mwezi. Someni majibu ya nyuma.

Atlanta Braves nao waliporomoka mwaka ule ule, lakini kocha wao Fredi González alibaki. Inakuwaje? (Minneapolis)

Huyu ndiye ningemweka kitimoto. Atlanta waliingia Septemba wakiwa mbele ya St. Louis kwa mechi 8 na nusu, wakamaliza nyuma kwa moja. Msimu una mechi 162. González aliwatumia warushaji wake wa akiba hivi: Jonny Venters katika mechi 85, Craig Kimbrel 79 na Eric O'Flaherty 78. Kila timu ikiongoza, hata kwa pointi tatu, ni hao hao. Usiku ule ule wa tarehe 28 Kimbrel akaingia iningi ya tisa kulinda pointi moja, akashindwa, na Philadelphia wakashinda 4-3 katika iningi ya 13. St. Louis wakapenya kwa mlango huo wakawa mabingwa wa dunia.

González akafanya kazi mpaka 2016. Venters alirusha mwaka mmoja tu baada ya hapo, kisha akauguza kiwiko na hakuonekana tena ligi kuu mpaka 2018. Kiwiko huharibiwa na mengi, lakini mechi 85 si dawa.

Huku kwetu kocha wa namna hiyo angefukuzwa siku hiyo hiyo. (Mwanza)

Kwenu angefukuzwa tangu Juni, baada ya sare mbili. Sioni fahari yake.

Nitajie kuporomoka ambako kocha hana pa kujitetea. (Nairobi)

Philadelphia Phillies, 1964. Kocha Gene Mauch alikuwa amebakiza mechi 12 na anaongoza kwa mechi 6 na nusu. Tarehe 21 Septemba Chico Ruiz wa Cincinnati akachomoka kituo cha tatu na kuiba cha nyumbani, yaani akapata pointi, huku Frank Robinson, mpigaji wao hatari, ndiye ameshika gongo. Mechi ikaisha 1-0. Kupoteza mechi moja namna ile ni bahati mbaya, na Mauch angeimeza akalala.

Hakulala. Akaanza kuwapanga warushaji wake Jim Bunning (baadaye seneta wa Kentucky) na Chris Short wakiwa wamepumzika siku mbili tu badala ya tatu au nne, kana kwamba kila mechi ndiyo ya mwisho. Mikono iliyochoka ikapigwa kama ilivyotarajiwa, naye akaipanga tena. Vipigo vikafika 10 mfululizo, na St. Louis wakachukua ligi kwa tofauti ya mechi moja. Mwenye uongozi mkubwa ndiye anayeweza kumudu kupumzisha watu, lakini yeye alicheza kama mtu aliye nyuma. Mauch alibaki Philadelphia mpaka 1968, akafundisha misimu 26 kwa jumla, na hakufika fainali hata mara moja.

Kwa takwimu, kocha huongeza ushindi mingapi kwa mwaka? (Kampala)

Anayekutajia namba kamili ana kitu anakuuzia.

Kocha Carlos Mendoza wa New York Mets afukuzwe kwa yale ya 2025? (New Jersey)

Wenye timu walishaamua: yeye abaki, wasaidizi wafagiliwe. Katikati ya Juni Mets walikuwa na ushindi 45 na vipigo 24, hakuna aliyewazidi. Wakamaliza 83-79. Cincinnati, chini ya Francona yule yule, walimaliza na rekodi hiyo hiyo wakapita kwa sababu waliwazidi Mets walipokutana.

Mets walimsajili Juan Soto kwa dola milioni 765. Anapiga kweli, ila harushi. Warushaji wa kuanza wakaumia au wakazima, na mwishoni kikosi kikaegemea vijana waliopandishwa Agosti na Septemba. David Stearns, bosi wa usajili wa Mets, ndiye aliyekijenga kikosi hicho. Muulizeni yeye.