Kwa mnaoanza kutyuni pikipiki za injekta

Minada ya korosho ikianza Oktoba, wateja wangu hubadilika. Yule aliyekuwa anakuja na Boxer kubadilisha breki shuu anarudi na pikipiki kubwa ya injekta, iliyokwishatumika, na ombi moja tu: "Fundi, ifanye ikimbie." Wewe unayeingia kazi hii sasa, uwe Mtwara, Lindi au Masasi, ombi hilo utalisikia kabla hujajua hata kuhesabu makonyezo ya taa ya injini. Basi tuanzie hapo hapo kwenye taa.

Kwenye Honda taa hutaja tatizo kwa namba: konyezo refu ni kumi, fupi ni moja. Mafupi saba ni sensa ya joto la injini, mafupi manane ni sensa ya throto (mlango wa hewa unaofunguliwa na resi), na marefu mawili na fupi moja, yaani 21, ni sensa ya oksijeni iliyoko kwenye ekzosi. Kampuni nyingine zina hesabu zao, usikariri ya Honda ukaitumia kila mahali.

Taa ikiwa kimya usidhani kila kitu kizima. Msimu uliopita alikuja mteja kutoka Tandahimba, mtu mzima, akanisalimia "njomba" kama tumezaliwa nyumba moja. Pikipiki yake ilikuwa inamisi ukiifungua resi, na sailensi, yaani mngurumo wake resi ikiwa imefungwa, ilikuwa inapanda na kushuka. Yeye alikuwa ameshaambiwa na vijana wa kijiweni kwamba dawa yake ni ECU (kompyuta ya injini) ya mashindano, na pesa alikuwa nayo mfukoni. Nikamwambia anipe mpaka jioni.

Hapa pwani chumvi haina huruma. Nikachukua testa, nikaiweka kwenye volti, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye ethi (waya wa hasi) ya ECU, injini ikiwa inanguruma. Ikizidi 0.1 kuna kutu mahali. Yeye alikuwa na 0.4. Hiyo ni nyingi kuliko inavyoonekana, kwa sababu sensa ya throto hupewa volti 5, na resi ikiwa imefungwa inarudisha kama nusu volti tu. Ethi ikichezacheza, ECU inadhani mkono wa dereva ndio unaocheza. Tukafungua pale waya unapofungwa kwenye fremu: ukoga wa kijani mtupu. Kisha geji ya presha ya mafuta. Honda nyingi za injekta zinataka karibu 43 psi. Yake ilikuwa inaanza vizuri halafu inashuka ukiipigia resi. Chujio la pampu lilikuwa jeusi. Petroli ya chupa za vijijini inakuja na taka zake, na kabureta lilikuwa linavumilia; tundu la injekta halivumilii.

Usiguse mapu, yaani jedwali la mafuta lililomo ndani ya ECU, kabla ya vipimo hivyo viwili. Ukityuni pikipiki yenye pampu iliyochoka, unaandika ugonjwa wake kwenye kompyuta, na siku pampu mpya ikifungwa, pikipiki itatoa moshi mweusi na lawama zitakuja kwako.

Sasa tuseme pikipiki ni nzima na mteja bado anataka. Mpangilio wangu ni hewa, halafu mafuta, halafu moto (cheche ya plagi), na kitu kimoja kwa wakati. Petroli inaungua kikamilifu kwenye gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya mafuta, lakini nguvu nyingi zaidi hupatikana mafuta yakiongezeka kidogo, kwenye 13 hivi. Ile sensa ya oksijeni ya kiwandani inajua jambo moja tu, mafuta yamezidi au yamepungua ya 14.7, volti yake inaruka juu na chini ya 0.45. Na ECU inaisikiliza ukiwa unakwenda mwendo wa kawaida. Ukifungua resi yote haiisikilizi tena, inafuata mapu iliyoandikwa kiwandani. Ndiyo maana ukifunga ekzosi wazi na chujio jipya la hewa, mjini itatembea kama kawaida, halafu barabara ya Lindi mtu akishika resi yote dakika kumi, inachemka. Hewa imeongezeka, mapu haijui.

Hapo ndipo kinapohitajika kifaa cha kuongeza mafuta. Vya aina ya Power Commander vinakaa katikati ya ECU na injekta, vinarefusha au kufupisha muda wa injekta kufunguka. Vingine ni ECU nzima inayochukua nafasi ya ile ya zamani. Kwa wateja wetu hiki cha katikati kinatosha, maana ukikichomoa pikipiki inarudi ilivyokuwa, na mwenye pikipiki siku atakapotaka kuiuza atakushukuru. Ila nunua na sensa pana ya oksijeni, inayosoma namba halisi. Bila hiyo unatyuni kwa kunusa moshi.

Kuna ujanja utauona unasambazwa na vijana: kuunga rizista kwenye waya wa sensa ya joto la hewa ili ECU idhani kuna baridi, iongeze mafuta. Inaongeza kweli, tena kila mahali, hata pale pasipohitajika, na kwenye mwendo wa kawaida sensa ya oksijeni inayapunguza tena. Ukimwekea mteja umemwekea kelele tu.

Chujio la hewa la wazi lenye umbo la koni, mimi silifungi kwa mtu anayeishi kwenye mchanga. Njia za Tandahimba na Nanyamba zitalishinda, na pistoni ndiyo italipa.

Moto ndio umeniumiza mimi. Fikiria: kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, krenki inageuka nyuzi 36 ndani ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwenye 1,500 ni nyuzi 9 tu. Mafuta yanahitaji muda kuungua, kwa hiyo plagi lazima iwahi kabla pistoni haijafika juu, na iwahi zaidi mwendo ukiongezeka. Ukiiwahisha kupita kiasi, mgandamizo unaipiga pistoni ikiwa bado inapanda. Utasikia mlio kama misumari ndani ya kopo. Ukiusikia, rudisha nyuzi mbili, usibishane nao.

Kosa langu lakini halikuwa la nyuzi. Lilikuwa la koili. Mwanzoni kabisa nilifunga koili ya mashindano kwenye pikipiki ya injekta kwa sababu ilikuwa na rangi nyekundu na muuzaji aliisifia. Ilikuwa koili ya CDI, aina ya mfumo wa cheche unaotumia kapasita. CDI inatupa mamia ya volti kwa mpigo mmoja mfupi, hivyo koili yake ina ukinzani mdogo sana, chini ya omu moja. ECU ile ilikuwa ya aina nyingine, inayopitisha volti 12 ndani ya koili kwa muda na kuikata, na koili ya kiwandani ilikuwa na omu tatu. Pikipiki iliwaka vizuri. Nikaizungusha mpaka Mikindani, na wakati wa kurudi ikazima bila hata kukohoa. Transista ya ndani ya ECU ilikuwa imeungua. Nilisukuma pikipiki ya mtu kwenye jua la saa saba, na ECU nikailipa kwa awamu miezi minne. Testa niliyokuwa nayo mfukoni ingenionyesha tofauti ile kwa sekunde kumi.

Plagi nayo ina lake. Kwenye NGK, namba kubwa ni plagi baridi zaidi, na herufi R, kama kwenye CPR7EA-9, maana yake ina rizista ndani. Ukiweka isiyo na R kwenye injekta, cheche inatoa kelele za umeme na ECU inaweza kuchanganyikiwa bila taa kuwaka.

Majaribio fanya alfajiri, barabara ikiwa tupu na hewa haijapata moto, halafu rudia saa nane mchana. Mteja akiishi Newala juu kule usimwongezee mafuta kwa ajili ya mlima. Hewa ya juu ni nyepesi, na sensa ya presha ya hewa inapunguza mafuta yenyewe.

Yule njomba wa Tandahimba alirudi saa kumi na moja jioni. Akaiwasha, akaizungusha kidogo barabarani, akarudi akicheka.

"Umeweka ECU gani?"

Nikamwonyesha boliti ya ethi iliyosuguliwa msasa, na chujio jeusi kwenye gazeti. Akaviangalia muda mrefu, akanilipa, akaivaa helmeti.

"Sawa njomba. Sasa mwakani uniwekee ile ya kukimbia."