Epoksi Mbichi: Kwa Vijana Wanaoanza Kazi ya Bomba

Wadogo zangu, miaka yangu ya mwanzo nilikanda epoksi, ile gundi ya kuzibia mabomba yanayovuja, kwa vidole vitupu. Ndivyo nilivyofundishwa: kata kipande, lowesha vidole, kanda, bandika. Haikuwasha wala kuuma. Ilinikaukia mikononi nikawa naibandua kama utomvu wa fenesi. Mwaka wa tatu vidole vikaanza kutoka vipele na kupasuka kwenye maungio, na siku moja nilipojipangusa jasho kwa mkono uleule, kope zilivimba mpaka jicho likafumba. Daktari wa ngozi akaniambia ni mzio, na kwamba mzio wa namna hii ukishaingia, kwa kawaida mtu hukaa nao maisha yake yote. Ni kweli. Mpaka leo chembe ndogo tu inatosha kunirudishia vipele.

Elewa kwanza kilichomo. Epoksi ni vitu viwili, resini na kigumishi ambacho dukani wanakiita hadina. Vikichanganyika sawasawa vinashikana na kuwa kitu kimoja kigumu, na kikishaiva hakina makuu. Hatari iko kwenye ubichi. Resini mbichi na hadina ndizo zinazochokoza ngozi, ndizo zinazotoa harufu ya kukaba ukiwa umejikunja chini ya sinki, na ndizo zinazoweza kuingia kwenye maji ya kunywa ya mtu.

Kwa hiyo kuchanganya vizuri ni usalama kabla hakujawa ufundi. Ile ya kukanda, yenye rangi mbili, ikate kwa kupitisha kisu kwenye rangi zote, ukande mpaka ibaki rangi moja. Ukiona michirizi, bado. Ile ya mirija miwili fuata kipimo kilichoandikwa. Nimewakuta mafundi wanazidisha hadina wakiamini gundi itakauka haraka. Haifanyi hivyo. Hadina iliyozidi inakosa resini ya kushikana nayo, inabaki mbichi humohumo, na kiraka kinanatanata hata wiki ikipita. Hicho usikiache kwenye bomba la maji. Kibandue, anza upya.

Changanya kidogo kidogo. Epoksi inajipasha moto yenyewe inapoiva, na kwa joto la Dar es Salaam inawahi kuliko dakika zilizoandikwa kwenye pakiti. Ukijaza kikombe cha plastiki inaweza kuchemka, ikatoa moshi na kuyeyusha kikombe mkononi mwako.

Glavu ziwe za naitraili. Zile nyembamba za mpira wa kawaida resini inazipenya. Ikikugusa, nawa kwa sabuni na maji hapohapo, usitumie petroli wala thina, maana hizo zinaondoa mafuta ya ngozi na kuifungulia resini njia ya kuingia. Fungua dirisha. Ukipiga msasa kiraka kilichokauka, vaa barakoa.

Sasa maji. Kwenye bomba la maji machafu sina wasiwasi mkubwa, lakini linalopeleka maji jikoni lina masharti. Tafuta gundi iliyoandikwa wazi kwamba inafaa kwa maji ya kunywa. Nyingi za namna hiyo zina alama ya NSF/ANSI 61, kiwango cha vifaa vinavyogusana na maji hayo. Isiyoandikwa kitu, iache dukani hata muuzaji akiapa. Ukishabandika, isubiri iive kwa muda wote unaotajwa na pakiti, mara nyingi saa 24, ingawa itaonekana ngumu ndani ya saa moja. Bonyeza ukucha: ikiacha alama, bado. Kisha fungulia maji yatiririke dakika kadhaa, uyamwage, ndipo mwenye nyumba akinge ndoo yake.

Kuna mahali epoksi si ya kwenda kabisa. Bomba la gesi, kamwe. Tangi la hita na valvu yake ya usalama, usiguse. Mabomba ya plastiki aina ya PPR na HDPE, na matangi ya plastiki, yana uso kama nta, gundi inaonekana imeshika halafu inabanduka nzima. PPR dawa yake ni kukata na kuchomelea kwa mashine, nyuzi joto 260 za Selsiasi.

Bomba la chuma ndilo linalodanganya wengi. Tundu dogo la kutu maana yake mara nyingi ni kwamba bomba limeliwa kwa ndani sehemu ndefu. Niliwahi kuziba moja Tandika mchana, nikalipwa, nikaondoka. Mgao wa maji ulikuwa wa usiku. Maji yalipokuja na presha yake, kiraka kilibaki mahali pake na bomba likapasuka pembeni yake, mama wa watu akaamka godoro linaelea. Nilirudisha hela yake na kumwekea kipande kipya bila malipo.

Siku hizi nasugua kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae. Kikiwa chembamba, sifungui hata pakiti. Kikiwa kizima naziba, halafu namwambia mwenye nyumba mbele ya watu wake: hiki ni cha kukuvusha, tafuta hela ya bomba jipya. Wengine hununa. Nawaachia namba yangu ya simu hivyohivyo, na mgao ukirudi nawapigia mwenyewe kuuliza kama pamekauka.