Jeni imezimwa au imezimika?

SWALI: Nafundisha baiolojia hapa Ujiji, Kigoma. Tukifika kwenye jeni za nzi wa matunda na vimeng'enya vinavyozitawala, wanafunzi huandika mara jeni "imezimwa", mara "imezimika", wengine "imekufa". Lipi sahihi? Na je, ni sawa kusema vimeng'enya "hurekebisha" histoni?

JIBU: Mwalimu, wapeleke wanafunzi wako Kibirizi alfajiri, mitumbwi ya dagaa inaporudi. Karabai iliyoishiwa mafuta katikati ya ziwa, mvuvi atakwambia imezimika, hakuna aliyeigusa. Ile aliyoifungulia upepo kwa mkono wake kulipopambazuka, imezimwa. Hapa -ik- inamweka mtendaji kando, -w- inakiri kwamba yupo hata asipotajwa.

Kwa nzi, mtendaji yupo na anajulikana. Uzi wa DNA umezongwa kwenye protini ziitwazo histoni. Kimeng'enya kiitwacho E(z) hubandika methili, yaani kikundi kidogo cha kemikali, kwenye mkia wa histoni mojawapo, H3, nafasi ya 27. Protini ya Polikomu huidaka alama hiyo, na wenzake huibana jeni isisomwe. Kwa hiyo andikeni "imezimwa".

Ushahidi wake unaonekana kwa hadubini ndogo ya shule. Nzi dume ana chanuo la vinyweleo vyeusi kwenye kila mguu wa mbele, basi. E(z) ikiwa na hitilafu, machanuo huota hata kwenye miguu ya pili na ya tatu, maana jeni iliyopaswa kubaki imezimwa huko sasa inafanya kazi. Jina Polikomu lenyewe maana yake ni machanuo mengi, na napenda sana wanafunzi walijue hilo.

"Imekufa" ningeikataa kabisa. Herufi za jeni hiyo zote zipo, na viko vimeng'enya vinavyoibandua methili ile ile. Kilichokufa hakiwashwi tena.

Kuhusu "kurekebisha": kwa Mswahili, kinachorekebishwa kilikuwa na kasoro, kama usukani wa baiskeli uliopinda. Histoni haikukosea chochote. Mimi husema vimeng'enya "hubadili histoni". Na upatanisho ubaki wa KI-VI: vimeng'enya vinabadili, si wanabadili, nzi ndiye anayeota machanuo.